Itajitahidi Kutimiza

Kwa miaka ishirini na miwili nilifundisha Kiswahili katika shule ya upili, kazi ambayo watu huiheshimu sana ilimradi isifanywe na mtoto wao. Nilipochoka kusahihisha insha zinazoanza na ndege wakiimba kwa sauti nyororo, niliomba kustaafu mapema nikakodi meza. Sikukodi ofisi. Nilikodi meza, moja kati ya tatu zilizokuwa kwenye chumba cha ghorofa ya pili mjini Nakuru, juu ya duka la sare za shule. Ya dirishani ilikuwa ya mpiga picha za pasipoti, ya katikati ya mama anayechapa hati za kiapo, na yangu ilikuwa pale mlangoni, ambapo kila anayeingia huniuliza choo kiko wapi. Nilibandika karatasi ukutani kutangaza kwamba natafsiri Kiingereza, Kiswahili na Gikuyu. Wateja wangu wa kwanza wote walikuwa na swali lile lile.

"Kiswahili nayo unalipisha? Si unaongea tu?"

Nilitafsiri kadi za harusi, maandishi ya makaburi, na matangazo ya kukataza watu wasikojoe ukutani, ambayo kwa uzoefu wangu hayafanyi kazi katika lugha yoyote ile.

Asubuhi moja akaingia bwana mmoja aliyevaa shati lililopigwa pasi mpaka likakata tamaa. Hakuuliza choo, na hapo nikajua ni kazi. Alijitambulisha kuwa ndiye HR, yaani afisa wa wafanyakazi, wa shamba la maua upande wa Naivasha, na hilo neno HR alilitamka jinsi watu wengine wanavyotamka Daktari. Akaketi, akafungua faili.

"Madam, wanunuzi wetu wa ng'ambo wanataka commitment zetu kwa wafanyakazi ziwe kwa ukuta, kwa lugha watu wanaelewa. Wanakuja mwisho wa mwezi kupiga picha."

"Picha za wafanyakazi?"

"Za ukuta."

Alikuwa ameshaifanya tafsiri mwenyewe kwa kompyuta, alitaka tu "nipitishe macho." Nikapitisha. Sentensi ya kwanza ilisema, "Kampuni itakutana na majukumu yake." Nikamuuliza watakutana wapi. Hakucheka. Ya pili ilisema wasimamizi wataruhusu majukumu yao kutoka, kama wagonjwa waliopata nafuu hospitalini. Ya tatu ilisema, "Sisi huweka ahadi zetu." Kwa Kiingereza sentensi hiyo ilikuwa ya watu waaminifu, lakini kwa Kiswahili kuweka ahadi ni kuiahidi tu, iwe utaitekeleza usiitekeleze. Kwa hiyo bango lingesema: sisi ni watu wa kuahidi. Nilimwambia hiyo ya tatu naona ibaki ilivyo, ni ya kweli.

"Madam, unaweza ama huwezi?"

Nilisema naweza. Ahadi zilikuwa tisa. Na kama nikizitafsiri vizuri, akasema akisimama, kuna kitabu cha kanuni za usalama cha kurasa mia moja na themanini kinachongoja mtu. Nilijaribu kuonekana kama mtu asiyesisimkwa na kurasa mia moja na themanini.

Kile Kiingereza kilikuwa kizuri, lazima nikiri. Katika ahadi zote tisa hapakuwa na sentensi hata moja iliyosema kwamba kampuni itafanya kitu. Kampuni ingejitahidi kufanya, ingeazimia kufanya, ingechukua hatua zifaazo kuelekea kufanya. Aliyekiandika alikuwa fundi. Ilikuwa kama kutazama mtu anayecheza karata bila kuweka hata moja mezani. Mahali pamoja kampuni iliahidi kuziheshimu ahadi zake, nami nikakaa na kitenzi hicho nusu saa nzima, kwa sababu kwetu mtu huheshimu mama mkwe, yaani anamkwepa, anapita kando ya njia na kuinamisha kichwa.

Wiki hiyo, Jumamosi, nilienda Bahati kumsalimia mamangu. Ana miaka themanini na kidogo na amekataa katakata kuhamia kwangu Bondeni, anasema nyumba za Bondeni zimebanana hadi jirani anasikia ukimeza. Nilimkuta anachagua maharagwe uani. Shamba lilikuwa limetaka na tafsiri ya Gikuyu, na nilitaka kumsikiliza kabla sijaandika. Nikamuuliza, kwa Gikuyu, angesemaje kwamba kampuni itajitahidi kutimiza ahadi.

"Kuhingia," akasema bila kuinua macho. Ndilo neno letu la kutimiza, na limetoka kwenye lile lile la kufunga mlango.

"Hapana, maitu. Si kutimiza. Kujitahidi kutimiza."

Akaacha maharagwe. "Mtu anajitahidije kufunga mlango?"

"Yaani anajaribu."

"Mlango umefungwa ama kuku wako ndani ya nyumba. Hao watu wamefunga ama hawajafunga?"

"Hawajafunga. Wanasema watajaribu."

"Basi waambie kuku wameingia," akasema, akarudia maharagwe yake.

Nilimweleza kwamba hivyo ndivyo barua za maofisi zinavyoandikwa siku hizi. Akaniuliza kama hicho ndicho nilichoenda chuo kikuu kusomea. Nikamsaidia kutoa mawe.

Hata hivyo nilitafsiri kwa uaminifu. Mtafsiri si mwandishi. Akipewa woga, anatafsiri woga. Kila walipoandika kwamba watajaribu, nami nikaandika "itajitahidi." Jumanne HR akaja, akasoma ukurasa wa kwanza, uso ukaanza kujikunja kama wa mtu aliyeuma ndimu.

"Madam, hii itajitahidi imejaa hapa kama mchwa."

"Ndivyo Kiingereza chenu kinavyosema."

"Lakini kwa Kizungu inakaa poa. Kwa Kiswahili inakaa report form. 'Jitahidi zaidi.' Mimi niliandikiwa hiyo kila term, na kila term nilikuwa naanguka. Toa yote."

"Nikitoa, maana inabadilika. Sasa hivi inasema mtajaribu. Nikitoa itasema mtafanya."

"Si ni kitu moja?"

"Si kitu kimoja. Leo ukifika nyumbani mwambie bibi yako utajitahidi kuwa mwaminifu, halafu kesho uje unieleze mlivyolala."

Kwa mara ya kwanza alionekana kama mtu anayefikiri. Hali hiyo haikudumu. "Madam," akasema kwa upole, kana kwamba mimi ndiye mwanafunzi, "hakuna mtu husoma hizo vitu. Ni za ukuta."

Hapa ningependa kuandika kwamba nilisimama kidete kwa ajili ya lugha yangu. Niliwafundisha watoto wa watu miaka ishirini na miwili kwamba neno ni dhamana. Lakini nilikuwa nakiona kile kitabu cha kurasa mia moja na themanini kwa macho ya moyo wangu, kinanipungia mkono. Nikachukua kalamu nikakata. Itajitahidi kutoa ikawa itatoa. Itajitahidi kuhakikisha ikawa itahakikisha. Ahadi ya nne, iliyokuwa imezungukwa na vitenzi vitatu kama mzigo uliofungwa kwa kamba, ikabaki uchi kabisa: "Kampuni itampa kila mfanyakazi mjamzito kiti cha kukalia akiwa kazini."

"Sasa hiyo ni Kiswahili," HR akasema.

Ualimu ukikuingia hautoki. Nikaandika chini ya kila ukurasa, "Imebadilishwa kwa ombi la mteja," nikamwomba atie sahihi. Akatia huku akiongea kwa simu. Nakala nikaiweka kwenye droo.

Mchapishaji wa bango nilimfuata mwenyewe hadi kibandani kwake, kwa sababu kitenzi "kutekeleza" kina ndugu yake mbaya. Ukibadilisha herufi moja unapata "kuteketeza," na katika miaka yangu ya ualimu nimeona viongozi wengi katika insha wakiteketeza ahadi zao zote. Nilimkuta ameshaandika kwa herufi kubwa za kijani kwamba kampuni itateketeza wajibu wake. Akarekebisha, akinung'unika kwamba watu wa Kiswahili tuna maneno yanayofanana makusudi.

Wageni walikuja, wakapiga picha ukuta, wakaenda. HR alinitumia moja ya picha hizo kwenye simu: bango, waridi kwenye ndoo pande zote mbili, na yeye katikati akitabasamu. Akaongeza kidole gumba.

Wiki tatu baadaye akapiga simu. Hakusalimia.

"Madam, kuja Naivasha. Kiswahili yako imeleta shida."

Nilifika saa nne asubuhi. Ilibidi nipitie ukumbi wa kupangia maua, wenyewe wanauita pakihausi, jumba refu lenye baridi ya kuhifadhi maua, wanawake wamevaa sweta juu ya sweta, wamesimama mezani wakipima mashina ya waridi na kuyafunga mafungu. Nilishangaa kwamba waridi lote lile halinuki chochote. Nilishangaa pia kwamba ukumbi ule mkubwa haukuwa na kiti hata kimoja. Bango langu lilikuwa ukutani, na wanawake wakaninyamazia nilipopita, kama darasa linapojua mwalimu ndiye aliyeitwa kwa mwalimu mkuu.

Ofisini kwa HR mlikuwa na viti vitatu. Kimoja alikuwa amekikalia yeye, kimoja kilikuwa na mafaili, na kimoja akanionyesha mimi nikae. Kando ya mlango walisimama wanawake wawili. Mmoja alikuwa mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi nyuma ya kichwa, mwakilishi wa wafanyakazi. Mwenzake alikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, mjamzito, na tumbo limeshashuka. Nilikuwa nimeshaketi nilipomwona. Nikainuka.

"Kaa hapa, mama," nikamwambia.

Akamtazama HR kwanza. HR akatazama dirishani. Akakaa.

Kisa chenyewe kilikuwa kifupi. Yule msichana alikuwa amemwomba msimamizi wake kiti, akaambiwa hakuna. Akachukua kreti ya plastiki, akaigeuza, akaikalia. Msimamizi akamwambia kreti ni ya maua, akamrudisha nyumbani siku hiyo. Kesho yake, saa ya chai, wanawake wote wa ule ukumbi walikwenda kusimama mbele ya bango na kuisoma ahadi ya nne kwa sauti moja, kama kwaya. Walipomaliza hawakurudi mezani. Wakaanza tena mwanzo.

Kumbe watu husoma.

"Madam," HR akaanza, safari hii kwa sauti ya mkutanoni, "tunataka tu uwaelezee hii lugha, kwa sababu wewe ndio mtaalamu. Hapa imeandikwa 'itampa.' Hiyo maana yake ni itajaribu kumpa, sivyo? Kama kuna uwezekano."

Akanitazama kwa macho ya mtu anayekukumbusha jambo bila kulitaja. Kurasa mia moja na themanini zikapita mbele yangu. Mwakilishi alivuta miwani yake chini, akafungua daftari alimonakili ile ahadi kwa mwandiko wa mviringo, akangoja. Msichana alikuwa ameweka mikono juu ya tumbo. Nilitamani mtu aje aulize choo kiko wapi.

"Itampa ni itampa," nikasema.

"Lakini kwa muktadha—"

"Kwa muktadha wowote. Kungekuwa na kujaribu, kungeandikwa kujaribu."

Mwakilishi akafunga daftari. HR akafungua faili lake, akatoa nakala ndogo ya bango, akaweka kidole chini kabisa, kwenye mstari wa herufi ndogo kama mayai ya chawa. Mstari huo sikuwahi kuuona. Uliongezwa baada yangu, kwa Kiingereza.

"Hapa ndio jibu," akasema.

"Hiyo mstari inasema nini, boss?" mwakilishi akauliza.

"Ni ya kisheria."

"Sawa. Inasema nini?" Akanigeukia. "Mwalimu, tusomee."

Nikasoma, nikatafsiri: pakitokea tofauti kati ya lugha hizi, kitakachofuatwa ni Kiingereza.

Mwakilishi akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayehesabu mashina.

"Kwa hivyo hii ya Kiswahili ni ya kuangalia tu. Kama maua."

HR alinigeukia kwa hasira ya mtu aliyekosa pa kuielekeza. Akasema kosa ni la tafsiri, kwamba Kiingereza kilikuwa wazi kabisa, kwamba kampuni ilimwamini mtaalamu na mtaalamu akawaongezea wafanyakazi ahadi kutoka kichwani mwake. Nikafungua mkoba, nikaweka mezani zile karatasi za kwenye droo, nilizokuja nazo, zenye sahihi yake chini ya kila ukurasa. Mwakilishi aliinama akazisoma kwa makini, zote, akilamba kidole kufunua ukurasa. HR alizitazama kama mtu anayeona picha yake ya zamani.

Nisijisifu. Karatasi zile zilinilinda mimi, lakini pia zilionyesha kwamba nilijua. Mwakilishi aliinua kichwa akaniambia, bila ukali, "Kumbe mwalimu uliona hii kitu mapema."

"Niliona."

"Na ukanyamaza."

"Nilimwambia yeye."

"Lakini sisi hukutuambia."

Katika miaka yote ya kusahihisha watu sikuwahi kusahihishwa vizuri hivyo.

Wakatoka. HR aliniambia asante kwa kuja, na kwamba kuhusu kile kitabu watanipigia. Hicho ni kitenzi kingine ambacho ningeweza kukiandikia tasnifu.

Ijumaa ya wiki ile ile, lori la shamba lilishusha viti kumi na kimoja vya plastiki mlangoni mwa pakihausi. Vilikuwa vya ukumbi wa sherehe, vinavyokaliwa na wafanyakazi wakati wa Krismasi. Hakuna aliyesema vimekuja kwa nini. Tangazo lilisema kampuni imezindua mpango wa starehe kazini. Mwakilishi ndiye aliyenisimulia kwa simu, akicheka hadi akakohoa. Namba yangu aliitoa kwenye zile karatasi. Kufikia Jumatatu wanawake walikuwa wameshavifunga viti kwenye miguu ya meza kwa kamba za maua, ili sherehe isije ikavihitaji. Yule msichana alikikalia chake siku kumi na tisa, akaenda kujifungua mtoto wa kike.

Mwezi uliofuata bango jipya likapanda ukutani. Nilitumiwa picha yake pia, lakini si na HR. Ahadi ya nne sasa ilisema kwamba kampuni "itajitahidi, kadiri hali itakavyoruhusu, kuzingatia uwezekano wa kutoa viti." Sijui ni nani aliyeitafsiri. Sarufi ilikuwa safi, upatanisho wa ngeli haukuwa na dosari, na kama ni insha ningempa kumi na tisa kwa ishirini. Kitabu cha kanuni za usalama bila shaka kilikwenda kwake. Sina kinyongo, ingawa nimeshamtafuta mjini kwa macho mara kadhaa.

Mwakilishi alinitembelea Nakuru Jumamosi moja. Alipanda ngazi, akaniwekea mezani fungu la waridi lililofungwa kwa gazeti, mashina mafupi yaliyopinda, yale yasiyofaa kupanda ndege. Alitaka kuandika barua. Dawa ya kunyunyizia maua ilikuwa inawachuna wanawake mikono, na walitaka glavu.

"Tutaandika vipi?" nikauliza. "'Tunaomba'?"

"'Tunaomba' ni ya msikitini na kanisani." Akafikiri, akakuna shingo. "Weka 'tunangoja.'"

Niliandika tunangoja. Tulikaa na barua ile saa nzima, tukabishana juu ya kila neno, mama wa hati za kiapo akiacha kazi yake kutusikiliza na hatimaye kutuchapia. Mwakilishi alikataa "kwa heshima na taadhima." Alikataa pia "tungependa." Nilipomaliza nilikuwa nimechoka kama niliyesahihisha mitihani ya darasa zima, na nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeipata tangu nikodi ile meza. Akaikunja barua, akaitia kifuani, akaniaga mapema kabla mvua haijamkuta njiani.

Jibu lilichukua mwezi mmoja na lilikuja kwa Kiingereza. Alinisomea kwenye simu herufi kwa herufi, nami nikamwambia linachosema: glavu zingefika Jumatatu. Zilifika Jumatano, saizi moja tu, ya mwanamume, na wanawake wakakaa jioni nzima wakizipunguza vidole kwa sindano na uzi.